Sauti yatumika kuhesabu samaki wasioonekana vilindini

WAVUVI wa omena katika Ziwa Victoria huingia majini jua linapotua, hasa siku za giza la mwezi, wakawasha taa na kusubiri. Samaki hao wadogo hupanda kutoka chini wakifuata mwangaza, nao wavuvi huwazungushia nyavu. Kufikia alfajiri kila mmoja hujua kiasi alichopata. Asichoweza kujua ni kiasi kilichobaki ziwani.

Swali hilo la kilichobaki ndilo linaloamua mambo mengi. Serikali hulitegemea jibu lake inapofunga msimu wa uvuvi au kupiga marufuku nyavu za matundu madogo. Viwanda vya kusindika minofu hulitegemea vinapopanga idadi ya wafanyakazi. Nayo mataifa yanayotumia maji pamoja hulitegemea yanapogawana haki ya kuvua.

Lakini samaki hawahesabiki kama ng'ombe malishoni. Katika Ghuba ya Winam, ambako maji yana matope na mwani mwingi, ni vigumu kuona kitu kilicho mita mbili tu chini ya mashua. Hata katika bahari iliyo safi, mwanga wa jua hufifia haraka kadiri mtu anavyozidi kwenda chini.

Kuna njia ya kupima samaki wanaoletwa ufuoni kila siku, na njia hiyo imetumika kwa miaka mingi. Hata hivyo, huonyesha waliotolewa majini tu. Isitoshe, inaweza kupotosha. Mvuvi anayeongeza nyavu, akanunua injini na kwenda mbali zaidi anaweza kurudi na kiasi kile kile cha mwaka uliopita ilhali samaki wamepungua sana.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa uvuvi kote duniani wamegeukia sauti.

SAUTI HUSHINDA MWANGA

Sauti husafiri majini kwa kasi na kwa umbali ambao mwanga haufikii. Jambo hilo lilipimwa kwa ustadi mnamo 1826 katika Ziwa Geneva, lililo kati ya Uswisi na Ufaransa. Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walitumia mashua mbili zilizokuwa mbali kwa zaidi ya kilomita 10. Katika mashua moja, kengele iliyozamishwa majini iligongwa wakati ule ule baruti ilipowashwa. Katika ile nyingine, msikilizaji aliyetia bomba majini alihesabu muda uliopita kati ya mmweko wa baruti na sauti ya kengele.

Walipata kasi ya takriban mita 1,435 kwa sekunde. Leo wanasayansi huchukua mita 1,500 kwa sekunde kuwa kadirio la jumla, ingawa kasi hubadilika kulingana na joto, chumvi na kina cha maji. Hewani, sauti husafiri takriban mita 340 tu kwa sekunde.

Ajali ya meli ya Titanic mwaka wa 1912 iliwachochea wavumbuzi kutafuta njia ya kugundua vizuizi baharini. Miaka miwili baadaye, Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, alifaulu kupokea mwangwi kutoka kwa mlima wa barafu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin alitumia vipande vya madini ya kwatzi kutoa na kupokea milio majini ili kuzisaka nyambizi za adui.

Vita vilipokwisha, mitambo ya aina hiyo ilianza kutumiwa na meli kupima kina cha bahari. Manahodha waligundua kuwa kati ya meli na sakafu ya bahari palikuwa na alama nyingine zisizotarajiwa. Mnamo 1935, Oscar Sund wa Norwe alichapisha picha za miangwi ya samaki aina ya kodi katika eneo la Lofoten. Picha hizo zilionyesha samaki hao wakiwa wamejipanga katika tabaka moja majini.

Mwaka wa 1948, ndugu wa ukoo wa Furuno kutoka Nagasaki, Japani, walianza kuuza mtambo wa kutafutia samaki uliowafaa wavuvi wa kawaida. Tangu hapo, kusikiliza maji kukawa sehemu ya kazi ya uvuvi.

MWANGWI UNAVYOGEUZWA KUWA HESABU

Mtambo wenyewe hufanya kazi kwa namna isiyo ngumu kueleza. Kifaa kilichofungwa chini ya meli hutoa mlio mfupi sana, wa takriban elfu moja ya sekunde au pungufu, kuelekea chini. Mlio huo ukigonga kitu, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Popo hutumia mbinu hiyo hiyo gizani, naye pomboo huitumia baharini.

Muda unaopita kabla ya mwangwi kurudi huonyesha kina. Ukirudi baada ya sehemu mbili za mia za sekunde, sauti imesafiri mita 30 kwenda na kurudi. Kwa hivyo kitu kilichogongwa kiko mita 15 chini.

Nguvu ya mwangwi nayo hueleza ukubwa wa kitu. Katika samaki wengi, asilimia 90 au zaidi ya mwangwi hutokana na kibofu cha hewa kilicho ndani ya mwili, ambacho humsaidia samaki kuelea. Nyama ya samaki inakaribiana na maji kwa uzito, hivyo sauti huipita kwa urahisi. Hewa ndiyo inayoirudisha sauti kwa nguvu. Samaki wasio na kibofu hicho, kama vile makareli wa Atlantiki, hutoa mwangwi hafifu hata wakiwa wakubwa.

Wataalamu hupima nguvu hiyo kwa desibeli. Kwa kanuni inayotumika sana, samaki akiwa na urefu maradufu ya mwenzake wa aina moja, mwangwi wake huongezeka kwa takriban desibeli sita, yaani mara nne. Uzito wake, hata hivyo, huwa umeongezeka karibu mara nane. Ndiyo maana haiwezekani kuugeuza mwangwi kuwa tani za samaki bila kujua urefu wa samaki wenyewe.

Kuna njia mbili za kuhesabu. Samaki wakubwa walioachana hutoa miangwi inayoweza kutenganishwa, na kila mmoja huhesabiwa peke yake. Samaki wadogo walio katika kundi kubwa hawatenganishiki. Kwao hujumlishwa nguvu yote ya mwangwi wa kundi, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa mwangwi wa samaki mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na mwenye kujua kipimo cha haba moja anaweza kukadiria zilizomo kibabani.

Meli ya utafiti haiwezi kupita kila mahali. Hufuata mistari iliyopangwa kwenye ramani, kutoka upande mmoja wa maji hadi mwingine. Kiasi kinachopatikana kwenye mistari hiyo ndicho hutumika kukadiria eneo zima.

Kabla ya safari, mtambo hukaguliwa kwa kuning'iniza chini yake tufe dogo la madini ambalo mwangwi wake unajulikana. Tufe linalotumika sana lina kipenyo cha milimita 38.1. Kazi yake ni sawa na ile ya jiwe la mizani sokoni: mizani ikidanganya kuhusu jiwe, itadanganya pia kuhusu sukari.

VIUMBE WADOGO NAO HUSIKIKA

Sauti haiishii kwa samaki. Hugundua pia planktoni, yaani viumbe wanaoelea na kubebwa na maji, ambao wengi wao ni chakula cha samaki.

Mnamo 1942, wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakifanya majaribio ya kivita nje ya pwani ya California walipata mwangwi kutoka kina cha takriban mita 300, mahali ambapo bahari ilikuwa na kina kirefu zaidi ya hapo. Ilikuwa kana kwamba bahari ina sakafu mbili. Mwaka wa 1945, Martin Johnson alionyesha kuwa tabaka hilo lilipanda usiku na kushuka mchana. Sakafu haitembei, waliokuwa wakitembea ni viumbe hai.

Leo inafahamika kuwa safari hiyo hufanyika kila siku karibu katika bahari zote. Samaki wadogo, uduvi na viumbe wengine hupanda kula chini ya giza na kurejea vilindini kulipopambazuka ili kuwakwepa maadui. Omena wa Ziwa Victoria huwa na desturi kama hiyo, na ndiyo sababu huvuliwa usiku.

Ukubwa wa tabaka hilo uliwashangaza hata wataalamu. Kwa muda mrefu samaki wa vilindi vya kati walikadiriwa kuwa takriban tani bilioni moja duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014, uliotokana na vipimo vya sauti vya msafara wa Malaspina wa Uhispania ulioanza mwaka wa 2010, ulionyesha kuwa huenda ni mara kumi ya hapo. Nyavu za awali zilipunguza hesabu kwa sababu samaki hao huziona na kuzikwepa.

Ili kutofautisha viumbe, meli hutoa milio ya masafa mbalimbali kwa pamoja, kwa mfano kilohezi 38 na kilohezi 120, yaani mitetemo 38,000 na 120,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu halisikii masafa hayo. Uduvi husikika vizuri zaidi kwa masafa ya juu kuliko ya chini, ilhali samaki wenye kibofu cha hewa hawaonyeshi tofauti kubwa kiasi hicho. Kwa kulinganisha miangwi hiyo, mtaalamu hujua anatazama nini.

Mbinu hiyo ndiyo hutumika kupima uduvi wa Antaktiki, waitwao krili, ambao ni chakula cha nyangumi, sili na pengwini. Mwaka wa 2000, meli za Japani, Urusi, Uingereza na Marekani ziliipima sehemu ya bahari hiyo iliyo upande wa Atlantiki. Hesabu ya kwanza ilikuwa takriban tani milioni 44. Takwimu zile zile zilipochambuliwa upya kufikia mwaka wa 2010, jibu likawa takriban tani milioni 60.

Hakuna krili hata mmoja aliyeongezwa baharini na uchambuzi huo. Kilichobadilika ni uelewa wa wanasayansi kuhusu mwangwi wa krili mmoja na namna anavyoinama anapoogelea.

ZIWA MOJA, NCHI TATU

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, umuhimu wa mbinu hii unaonekana wazi zaidi katika Ziwa Victoria. Ziwa hilo lina eneo la takriban kilomita mraba 68,800. Kenya ina asilimia sita pekee. Sehemu iliyobaki ni ya Uganda na Tanzania.

Samaki hawajui mipaka. Mbuta aliyekulia upande wa Uganda anaweza kuvuliwa upande wa Kenya, na hesabu ya nchi moja peke yake haitoi picha kamili. Mzozo wa kisiwa kidogo cha Migingo, uliopamba moto mwaka wa 2009, ulionyesha jinsi maji yenye mbuta yanavyoweza kuzua uhasama baina ya majirani.

Nchi hizo tatu zilikuwa zimetia saini mjini Kisumu, mnamo Juni 1994, mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO), ambalo makao yake makuu yako Jinja, Uganda. Kati ya mwaka wa 1999 na 2001, wataalamu wa taasisi za utafiti za nchi hizo, ikiwemo KMFRI ya Kenya, walifanya safari tano za kupima samaki wa ziwa zima kwa sauti.

Kwa mara ya kwanza ikapatikana hesabu moja ya ziwa lote. Kwa wastani, kulikuwa na samaki wa takriban tani milioni mbili, na zaidi ya nusu ya uzito huo ilikuwa ya mbuta. Waliobaki walikuwa hasa omena na fulu. Mbuta, ambaye ni mkubwa na aghalabu hutembea peke yake, alihesabiwa mmoja mmoja. Omena na fulu walihesabiwa kwa njia ya kibaba.

Safari za baadaye zilileta habari za kutia hofu. Kufikia mwaka wa 2008, makadirio ya mbuta yalikuwa yameshuka hadi karibu tani 300,000. Habari hiyo iliwatikisa wenye viwanda vinavyouza minofu Ulaya, na ikazidisha kampeni dhidi ya nyavu za matundu madogo na uvuvi wa mbuta wachanga. Kanuni za ziwa hilo zilikuwa zimeweka urefu wa mbuta anayeruhusiwa kusindikwa kuwa kati ya sentimita 50 na 85.

Kwa mvuvi, mambo hayo si takwimu tupu. Wavuvi wa ziwa hilo katika nchi zote tatu wamekadiriwa kuwa takriban 200,000, mbali na wachuuzi, waundaji mashua na akina mama wanaokausha omena. Wavu ukitwaliwa na kuchomwa, au omena wakifungwa kuvuliwa kati ya Aprili na Julai kama ilivyokuwa desturi upande wa Kenya, ni karo na chakula vinavyoguswa. Mvuvi ana haki ya kuuliza hesabu iliyoleta amri hiyo ilipatikanaje.

PENYE SHAKA

Tafiti zilizofuata zilitoa makadirio ya juu kuliko yale ya 2008. Hapo ndipo ni muhimu kufahamu udhaifu wa mbinu yenyewe.

Kwanza, mtambo hausikii kila mahali. Maji yaliyo juu ya kifaa hayapimwi, na samaki aliyelala karibu sana na sakafu ya ziwa mwangwi wake humezwa na ule wa sakafu. Vilevile meli kubwa haziwezi kuingia kwenye maji mafupi na mafunjo ya ufuoni, ambako ngege hupenda kukaa. Mashua ndogo zenye mitambo hutumika kupunguza pengo hilo.

Pili, majira hubadilisha matokeo. Kuna miezi ambapo maji ya chini ya Ziwa Victoria hupungukiwa na hewa ya oksijeni, na samaki hulazimika kupanda juu, mahali mtambo unapowasikia vizuri. Maji yanapochanganyika, hasa katikati ya mwaka, samaki huweza kurudi chini na kujificha. Kulinganisha hesabu ya Februari na ya Agosti bila kuzingatia jambo hilo kunaweza kuleta makosa.

Tatu, si kila mwangwi ni wa samaki. Usubi unaoonekana juu ya Ziwa Victoria kama mawingu ya moshi huanza maisha yake majini. Viluwiluwi vya aina moja ya wadudu hao vina vifuko vya hewa, navyo hurudisha sauti kwa nguvu isiyolingana na udogo wao. Kundi lao likipanda usiku linaweza kudhaniwa kuwa samaki.

Nne, kosa dogo huzaa kosa kubwa. Iwapo mwangwi wa samaki mmoja umekadiriwa vibaya kwa desibeli tatu tu, hesabu ya mwisho huongezeka maradufu au hupungua kwa nusu.

Udhaifu huo haumaanishi kuwa mbinu hiyo haina faida. Makosa yanayojirudia kila mwaka kwa namna moja hayazuii kuona kama samaki wanaongezeka au wanapungua, mradi mtambo, mistari na majira visibadilishwe. Kwa hivyo mfululizo wa miaka mingi una thamani kuliko hesabu ya mwaka mmoja, na safari ya utafiti inayokosekana kwa ukosefu wa fedha huacha pengo lisilozibika baadaye.

SAUTI ILE ILE, KAZI TOFAUTI

Sauti inayohesabu samaki ili walindwe ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha mahali pa kuwavua. Katika Bahari Hindi, meli kubwa za kigeni zinazovua jodari huachilia maboya yenye mitambo ya mwangwi. Maboya hayo huelea na vifaa vinavyowavutia samaki, yakatuma kwa setilaiti makadirio ya samaki waliokusanyika chini. Nahodha huenda moja kwa moja mahali penye samaki.

Tume ya Jodari ya Bahari Hindi (IOTC), yenye makao yake Ushelisheli na ambayo Kenya ni mwanachama, imekuwa ikipunguza idadi ya maboya yanayoruhusiwa kwa kila meli. Mwaka wa 2019 ilipitisha kiwango cha maboya 300 kwa wakati mmoja. Wanasayansi nao wamekuwa wakiomba takwimu za maboya hayo, kwa kuwa yanapima bahari usiku na mchana mahali ambapo meli za utafiti hufika kwa nadra.

Mvuvi wa mtumbwi wa Lamu au Kwale hana boya la aina hiyo. Akipata hesabu ya samaki walioko, ataipata kutoka kwa tafiti za umma, ikiwa zitafanywa na matokeo yake kufikishwa ufuoni kwa lugha anayoielewa.

Jambo moja halijabadilika tangu siku za Sund. Mtambo husema kuna kitu, kiko kina gani na kina ukubwa gani. Hausemi kwa yakini ni samaki wa aina ipi. Kwa hivyo kila meli ya utafiti hubeba wavu pia. Mwangwi ukionekana, wavu hushushwa, samaki wakatolewa, wakapimwa urefu na kutambuliwa mmoja mmoja kwa mkono.

Kazi hiyo wavuvi huifanya kila usiku. Fuo ambazo wavuvi wake huandika kwa uaminifu aina na urefu wa samaki wanaowapata huwasaidia wataalamu kuusoma mwangwi kwa usahihi, na hesabu ikiwa sahihi, amri zinazotokana nayo huwa na msingi ambao hata mvuvi anaweza kuukubali.